Mgonjwa Akiomba Kufa

Somo la kusoma nyumbani: 1 Wafalme 19:1-8



Mwezi uliopita tulipokea barua ya binti mmoja wa usharika wetu, afanyaye kazi ya uuguzi huko Uingereza. Alitueleza habari za mzee mmoja ambaye humwosha na kumlisha kila asubuhi. Mzee huyo ana ugonjwa usioponyeka, na siku moja alimshika mkono akamwuliza kama ni dhambi mtu kutamani kufa. Binti yetu hakuwa na neno la kumjibu. Akatuandikia, "Mchungaji, nimwambie nini?" Barua hiyo ilikaa ndani ya Biblia yetu siku nyingi bila kujibiwa, maana swali hilo sisi nasi tulikwisha kulisikia, si katika barua, bali nyumbani mwetu wenyewe. Leo twalijibu mbele yenu nyote, kwa ruhusa yake, kwa kuwa hapana ukoo usiojua kitanda cha mgonjwa.

Kwanza yatupasa kujua mambo yalivyo. Katika jimbo la Oregon, huko Marekani, tangu mwaka 1997 daktari aweza kumwandikia mgonjwa asiyetazamiwa kuishi zaidi ya miezi 6 dawa ya kumwua, naye mgonjwa huimeza mwenyewe. Katika Uholanzi na Ubelgiji, tangu mwaka 2002, sheria humruhusu daktari kumtia mgonjwa dawa hiyo kwa mkono wake, masharti yakitimizwa. Kanada ikafuata mwaka 2016. Huko Uingereza, tarehe 20 Juni 2025, wabunge waliochaguliwa na watu walipiga kura juu ya muswada wa namna hiyo: 314 wakaukubali, 291 wakaukataa. Tazameni jinsi hesabu hizo zilivyokaribiana! Watu wenye akili na huruma wamesimama pande zote mbili. Basi tusidhani ya kuwa wote wapendao sheria hizo ni wauaji; wengi wao walikaa karibu na mama au mume aliyelia usiku kucha, nao hawakuweza kumsaidia.

Huku kwetu Tanzania sheria humhesabia hatia amsaidiaye mwenzake kujiua. Walakini sheria haikeshi na mgonjwa. Ikiisha kusema "usifanye," huenda zake; na mgonjwa angali amelala pale pale, na walio nyumbani wangali wamechoka.

Sasa tutawasimulia habari za mama yetu mzazi. Alishikwa na saratani ya kizazi, nayo ilipojulikana ilikuwa imekwisha kuenea. Alitibiwa, akarudi, akalala katika nyumba ile ile aliyotuzalia, katikati ya migomba. Miezi ikapita. Mgongo ukaingia vidonda, na harufu ya ugonjwa ikajaa chumba. Ng'ombe wawili wa maziwa waliuzwa kwa ajili ya dawa na nauli. Dada yetu aliacha biashara yake sokoni apate kumwuguza. Nasi tulikuja kila tulipomaliza kazi za usharika, tukakaa saa moja, tukaomba, tukaondoka. Tena, twaungama, mara nyingine tuliondoka kwa haraka.

Usiku mmoja zamu ilikuwa yetu. Karibu na alfajiri mama alituita, akasema, "Baba, nimechoka. Wewe wajuana na waganga wa hospitali. Waambie wanipe dawa nilale nisiamke tena." Hatukumjibu. Tulitoka nje tukasimama gizani migombani, tukaomba. Je, tuliomba nini? Tuliomba afe. Sisi tuliowafundisha watoto wa Kipaimara Amri ya Tano tulimwomba Mungu amwue mama yetu kabla ya mapambazuko. Na baada ya kuomba tuliona haya, kwa sababu hatukujua kama twamwombea yeye raha, au twajiombea wenyewe. Tangu siku hiyo hatuwezi kumtupia jiwe mtu yeyote aliyeomba hivyo.

Asubuhi tulimweleza dada yetu. Hakushtuka, bali aliingia ndani akaketi kitandani akamwuliza mama, "Mama, ni kitu gani kikuchoshacho hata unaomba hivyo?" Sisi tulikuwa hatukumwuliza neno hilo. Mama alitaja mambo matatu. La kwanza ni maumivu ya usiku. La pili ni wajukuu. Alisema kwamba hawaingii tena chumbani, naye alijua ya kuwa ni kwa ajili ya harufu. La tatu alilisema kwa sauti ndogo: alimsikia ng'ombe wa pili alipotolewa zizini alfajiri kwenda mnadani, naye akahesabu moyoni ni nini kitakachouzwa baada yake.

Ndugu wapendwa, huko Oregon taarifa hutolewa kila mwaka za wale waliochukua dawa ile na sababu walizozitaja. Sababu zitajwazo zaidi si maumivu. Ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kutoweza tena kufanya yapendezayo, na kupoteza heshima. Na wengi hutaja pia hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa zao. Ni nchi ya mbali yenye hospitali kubwa, wala hawamjui mama yetu. Lakini ng'ombe wetu yumo katika taarifa yao.

Basi twendeni kwa Eliya. Nabii huyu alikuwa amewashinda manabii wa Baali, kisha akamkimbia Yezebeli. Angalieni jambo ambalo wengi hulipita katika kusoma: alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake, akaenda jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Huko, akiwa hana mtu, aliketi chini ya mretemu akamwomba Mungu aichukue roho yake. Na Mungu alifanyaje? Hakumkemea. Hakumwambia kwamba nabii haimpasi kusema hivyo. Wala hakumpa kifo alichokiomba. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akakiri ya kuwa safari ile ni kubwa kupita nguvu zake.

Hilo ndilo jibu la mbinguni kwa mtu aombaye kufa: usingizi, mkono wa kumgusa, chakula, maji, na mtu wa kukubali kwamba mwendo umekuwa mgumu mno. Musa naye aliomba kufa, na Yona, na Ayubu aliilaani siku ya kuzaliwa kwake. Wala hapana hata mmoja aliyefutwa katika kitabu cha Mungu kwa ajili ya ombi hilo.

Katika Katekisimo Ndogo baba yetu Luther hakuishia kutukataza kumwumiza jirani. Alitufundisha kwamba amri ile ile yatuagiza kumsaidia katika kila haja ya mwili wake. Kwa hiyo mtu asemaye, "Sitamwua mgonjwa," kisha akamwacha alie peke yake usiku, ameishika nusu ya amri.

Tena Kanisa letu lina sababu ya kuogopa neno hili "mzigo." Katika Ujerumani, tangu mwaka 1939 hata 1941, serikali ya Hitler iliwaua wagonjwa wa akili na vilema zaidi ya 70,000, nayo ililiita jambo hilo kifo cha rehema. Wale hawakuulizwa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Betheli, nyumba ile ile iliyotuma wamisionari Usambara na Bukoba, alikataa kuzijaza hati za serikali za kuwapima wagonjwa wake. Hatusemi kwamba sheria za leo ni sawasawa na uovu ule. Leo mgonjwa mwenyewe ndiye aombaye. Lakini mtu aweza kujiombea kifo kwa sababu amekwisha kuona machoni pa watu wa nyumbani mwake kwamba amekuwa hasara. Hapo ni nani aliyeomba, yeye au sisi?

Turudi kwa mama. Muuguzi azungukaye majumbani alimletea mofini ya maji, akamwonyesha dada yetu kipimo, na kuinywesha kila baada ya saa 4, mchana na usiku, bila kungoja maumivu yarudi. Dawa hiyo si sumu ikitumiwa kwa kipimo. Huko Kampala, Daktari Anne Merriman alianza kuitumia katika kazi ya Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na maelfu ya wagonjwa wametulizwa nayo vitandani mwao. Vidonda vilioshwa kwa dawa, harufu ikapungua, wajukuu wakarudi. Mmoja alimsomea Zaburi kila jioni, akikosea maneno, na mama akimsahihisha kwa moyo. Nasi ndugu tulikaa barazani tukaligawa deni kati yetu, kila mmoja kwa uwezo wake, kisha tukamwambia mama ya kwamba hakuna kitakachouzwa tena.

Baadaye tulishauriwa kumrudisha hospitali, atiwe mpira wa kumlishia puani. Mama alikataa. Kaka yetu alikasirika, akasema kwamba kumwacha hivyo ni kumwua kwa njaa. Tulibishana kwa uchungu. Mwishoni tulimtii mama. Maana kumwua mtu ni jambo moja, na kuacha kumzuia njiani, ugonjwa ukiisha kuushinda uganga, ni jambo jingine. Tulimlowesha midomo kwa maji, tukampa kijiko cha uji alipotaka. Hata leo kaka yetu hajakubali kabisa, wala hatumlaumu, kwa kuwa alisema kwa upendo.

Aliishi majuma 7 baada ya usiku ule. Hatusemi kwamba hakuumwa tena. Palikuwa na usiku wa kuumwa. Lakini hakuomba tena dawa ile. Siku tatu kabla ya kufa alipokea Chakula cha Bwana, akamwita kila mmoja wetu kwa jina, akamwomba dada yetu msamaha kwa ajili ya kuisumbua biashara yake. Dada yetu alilia, akasema, "Mama, hukunisumbua." Majuma hayo tungeyapoteza kama ombi letu la migombani lingalijibiwa. Walakini twajua pia ya kuwa si kila nyumba iliyopewa majuma kama hayo, na ya kuwa dawa haifiki katika kila kijiji. Kwa watu hao hatuna maneno marefu. Tuna mikono, nayo yapasa iende.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa usharika na umoja wa wanawake: kila mtaa uwe na orodha ya wagonjwa walalao, na zamu ya kukesha, ili auguzaye apate kulala japo usiku mmoja katika juma. Ulizeni katika hospitali iliyo karibu kama kuna watumishi wa kutunza wagonjwa majumbani. Na mgonjwa akisema amechoka kuishi, msimnyamazishe kwa haraka kwa kumwambia ya kuwa amekufuru. Mwulizeni kama dada yetu alivyouliza.

Na wewe, binti yetu uliye mbali, mwambie mzee wako kwamba kutamani kufa si dhambi impasayo kuona haya. Aliwahi kuitamani nabii wa Mungu. Mkono wako usimpe kifo, maana uhai si mali yako wala yetu. Lakini usimwache chini ya mretemu wake. Mguse. Mpe maji. Mwulize ni kitu gani kimchoshacho, kisha ukae ulisikie jibu hata mwisho wake.

Bwana Yesu, aliyesema msalabani kwamba ana kiu, awe karibu na kila kitanda usiku huu, na awape nguvu wote wanaokesha. Amina.