Nasaha za Desemba kwa Anayeomba na Anayeombwa

Mwaka 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja, na redio zikatangaza. Habari hiyo ilifika vijijini kabla ya fedha kufika duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji. Mama aliyekuwa anaomba kitenge akaongeza na bati. Mdogo wetu aliyetaka viatu sasa anataka simu janja. Kwao hesabu ni nyepesi: dhahabu imepanda, kaka yuko machimboni, basi Krismasi hii ni ya kwetu.

Mtu wa Masumbwe, huku kwetu Geita, anajua mambo hayaendi hivyo. Mchimbaji mdogo hana mshahara, anasubiri mgao. Duara linaweza kumeza miezi bila kutoa kitu, na siku likitoa, mifuko ya mawe inagawanywa: kuna mwenye eneo, kuna mwenye duara, kuna aliyegharamia chakula na pampu, ndipo wafuate waliokuwa wanashuka chini. Mfuko wako nao haujawa fedha. Unakwenda karashani kusagwa, unakwenda mwaloni kuoshwa, na kote huko unalipia. Bei ipande ipandavyo, mawe yasiyo na kitu hayana bei.

Kwa hiyo wewe unayeombwa, taja kiasi chako mapema, na ukitaje kwa shilingi. Usingoje mkesha. Mwishoni mwa Novemba mpigie mama, mwamkie, “Mwangaluka mayu,” sikiliza habari za mvua na za mifugo mpaka ziishe, kisha mwambie: “Mama, sikukuu hii nina laki moja na nusu, ya nyumba nzima. Mtapanga wenyewe kipi kitangulie.” Atanyamaza kidogo, kisha ataanza kupanga. Lakini ukimjibu “tutaona” au “nipe wiki moja,” umeahidi, hata kama mwenyewe hukukusudia. Atachukua mchele dukani kwa mkopo, kwa jina lako, na tarehe 24 utazima simu. Wazee walisema kenda shika ni bora kuliko kumi nenda uje, na kuzima simu siku ya mkesha ni utovu wa adabu zaidi kuliko kutuma elfu ishirini.

Mwenye ndoa ana orodha mbili, ya kwao na ya ukweni. Mwaka 2012 tulitolewa Shinyanga tukawa Geita, lakini ndugu hawakuhamishwa na mipaka: shangazi yuko Kahama, mama mkwe yuko Maswa, na wote wana simu. Kaeni wawili, mke na mume, mkubaliane kiasi kabla ya yeyote kutuma chochote. Kisha mume atume ukweni, na mke atume kwa mama mkwe wake. Hapo hakuna atakayesema binti anamaliza mali ya mwanaume, wala kwamba mkwe ana mkono mgumu. Na ukituma, weka na ya kutolea. Kumpa mzee elfu thelathini halafu akakatwa kwa wakala ni kumlipisha zawadi yake mwenyewe.

Kuhusu watoto nina msimamo ambao wengine hawaupendi. Wapo wazazi wanaonunua sare ya shule tarehe 20 na kumwambia mtoto hii ndiyo nguo yako ya Krismasi. Bajeti naielewa. Elimu bila ada tunayo tangu 2016, lakini daftari, viatu na mchango wa chakula haviji bure, na Januari haina huruma. Hata hivyo, mtoto anajua sare ni sare. Mwambie waziwazi: mwaka huu fedha imekwenda kwenye sare, gauni jipya halipo, ila siku yenyewe utapata soda yako na pilau utashiba. Mtoto wa miaka saba anaelewa maneno hayo kuliko tunavyodhani. Asichokielewa ni kudanganywa. Na kama gauni lipo, mwambie fundi aache pindo refu, lishushwe mwakani.

Sasa maksai. Desemba ni mwezi wa kulima huku kwetu. Mvua imeshika, mbegu inatafutwa, foleni ya mbolea ya ruzuku haijaisha. Ndipo utamkuta baba mzima mnadani anauza dume mmoja wa jembe ili nyumba yake isionekane nyonge mbele ya jirani. Aliyebaki zizini havuti peke yake. Jirani aliyekula nyama ile tarehe 25 ndiye atakayekukodisha ng'ombe wake tarehe 3 Januari, kwa bei yake. Mikopo ya kausha damu ni hivyohivyo: unaweka dhamana godoro na televisheni, unakula siku mbili, kisha wanakuja na bodaboda kuvibeba watoto wakitazama. Kama mna kikoba kinachovunjwa Desemba, gawaneni hisa zenu, na kila mmoja atenge ya shamba na ya shule kabla hajapita buchani.

Anayeona haya kwa udogo wa sikukuu yake asome Luka, sura ya 2. Yusufu na Maria walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka iliyotajwa ni ya ndege wawili, na Sheria ya Musa iliiruhusu sadaka hiyo kwa asiyemudu mwanakondoo. Hawakukopa mwanakondoo.

Jirani Mwislamu asisahauliwe. Mwite aje achinje mbuzi au kuku wako, ili sahani utakayompelekea aile kwa amani. Hilo halina gharama yoyote.

Nimalizie na nyinyi mnaopokea, maana tunaotoa tumeshasemwa vya kutosha. Muamala ukiingia, piga simu, usiandike ujumbe. Shukuru kwanza, mwulize anaumwa au mzima, amekula au hajala, duara lao lina hewa au halina. Kama kuna pungufu, lisubiri siku nyingine. Usilinganishe alichotuma na alichotuma mtoto wa jirani, wala usimsimulie shangazi kiasi. Mtoto akipewa peremende moja, afundishwe kupokea kwa mikono miwili na kusema asante kabla hajaifungua. Na yule anayeshuka stendi na begi dogo usiku wa mkesha, tafadhali, mpokeeni, mpeni maji ya kuoga na chakula, wala asiwepo wa kumwuliza amebeba nini.