Mwanamume Naye Hulia

Ndugu zetu Waislamu, jambo tulielezalo leo ni zito, na wengi wetu hupenda kulinyamazia. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa watu 727,000 walijiua katika mwaka wa 2021. Na katika hesabu zake za mwaka wa 2019, kwa kila wanaume 100,000 walijiua kiasi cha 13, na kwa kila wanawake 100,000 kiasi cha 5. Yaani wanaume wamewazidi wanawake kwa zaidi ya mara mbili, na hapa kwetu Kenya hali ni hiyo hiyo.

Huenda mtu akasema kuwa dhiki ya mwanamke ni nyepesi. Hayo si kweli. Katika nchi nyingi wanawake ndio wapatwao zaidi na maradhi ya huzuni, na ndio wajaribuo zaidi kujiua. Na katika mashamba ya China, miaka ya 1990, wanawake waliojiua walikuwa wengi kuliko wanaume. Basi tofauti hii haikutokana na maumbile peke yake. Mila na maisha ya watu yana sehemu kubwa.

Tuzitazame mila zetu wenyewe. Mwanamke akielemewa, mara nyingi humwendea mamake, dadake au shoga yake, akalia, akatua mzigo. Ama mwanamume, tangu utotoni huambiwa, "Jikaze, mwanamume halii." Akipoteza kazi humficha mkewe. Akizama katika deni huwakimbia rafiki zake. Jioni huketi nasi barazani, tukazungumza siasa na mpira, tukaagana, wala hapana hata mmoja aliyemwuliza habari ya moyo wake.

Je, hii ndiyo dini? Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na shida yake akamshitakia Mola wake. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokufa, na katika dua zake alijikinga kwa Mwenyezi Mungu na huzuni na uzito wa deni. Basi anayemcheka mwanamume aliaye afuata mila, hafuati Sunna.

Na Bibi Maryam, uchungu ulipomshika, alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende. Hapo tumefundishwa namna ya kumjibu aliyechoka na uhai: kwanza ahurumiwe, tena asaidiwe.

Hapana shaka kujiua ni haramu. Lakini aya ya 29 ya Suratun Nisaa iliyokataza jambo hilo imemalizia kwa kutaja rehema ya Mwenyezi Mungu kwetu. Vipi sisi tulishike katazo na kuiacha rehema? Wako wanaokimbia jenazani, wakamwacha mjane na mayatima katika aibu. Wanavyuoni walio wengi, na katika madhehebu yetu ya Shafii, wamesema kuwa aliyejiua ni Mwislamu, huoshwa na kusaliwa. Kumhukumu si kazi yetu.

Basi imetupasa mambo matatu. Kwanza, tuulizane hali kwa kweli, hasa aliyefilisika, aliyefiwa, na aliyeanza kujitenga. Akitamka kuwa amechoka na maisha, tusimkemee wala tusimwache peke yake, tumpeleke kwa daktari, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa. Pili, maimamu wayaseme haya juu ya mimbari. Tatu, tuache kuwaambia watoto wetu wa kiume kuwa machozi ni aibu.

Na wewe ndugu usomaye haya, ikiwa una mzigo usioweza kuuchukua, mwendee mtu umwaminiye leo hii, umwambie. Kusema si udhaifu, na sisi ndugu zako twakutaka uwe hai.

Wabillahi taufiki.