Paka Hashitaki

Punda akichechemea hapa Lamu, habari huenea mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Mchanga haukufika kwenye ujenzi, mawe yamelala ufukoni, na mwenye punda anaulizwa kulikoni. Mji wetu una hospitali ya punda tangu 1987, na hakuna anayeona ajabu kumpeleka mnyama huko. Paka akichechemea, hakuna kazi inayosimama. Atajikunyata chini ya baraza kutwa kucha, watu wanapita, na anayemwona husema amelala. Nimekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani katika mji huu karibu umri wangu wote, na nimefikia kuamini kwamba maumivu ya mnyama tunayaona upesi pale yanapotupunguzia kitu sisi wenyewe. Kwa mtu anayesema anamcha Mungu, hilo ni jambo zito.

Wanafunzi wangu wote wanakijua kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Watoto wanakikariri vizuri, kisha wanatoka nacho wakiwa wepesi kifuani: mimi sikumfunga paka, wala sikumnyima, basi nimesalimika. Siku moja binti mmoja wa darasa la jioni alikataa kuishia hapo. Akaniuliza, "Mwalimu, je, akiwa anaumwa na mimi sijui?"

Nilimsimulia kisa cha ngamia kilichomo katika mkusanyiko wa Abu Daud. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia katika shamba la mtu mmoja wa Answari huko Madina. Ngamia aliyekuwamo alipomwona alitoa sauti ya uchungu na macho yakamtiririka machozi. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Kijana mmoja akasema ni wake. Akaulizwa kama hamwogopi Mungu kwa mnyama huyu aliyemilikishwa, kwani ameshitaki kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa kazi.

Ninapokisoma kisa hiki, fikira zangu huenda kwa yule kijana. Ngamia alikuwa wake, alimwona asubuhi na jioni, akampakia mizigo kwa mikono yake mwenyewe. Mashitaka yalikuwepo muda wote huo, na hakuulizwa kama alikuwa ameyasikia. Nami naelewa kwamba kumiliki, au hata kulisha tu, kunaleta wajibu wa kusoma hali ya unayemlisha.

Sasa, ngamia alilia. Paka hafanyi hivyo, au hafanyi mpaka mambo yameshaharibika. Yeye ni mwindaji mdogo ambaye wakubwa zaidi humwinda, na katika maisha hayo anayeonyesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo huumwa kimyakimya. Hata ule mngurumo wa kooni, ambao sote tunauchukua kuwa raha, huweza kumtoka akiwa na maumivu makali.

Mlangoni pa chuo chetu palikuwa na shume mwenye rangi ya majivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi. Asubuhi moja nilimwona anakwenda kwenye kifusi cha mchanga wa ujenzi, anachuchumaa, anajikaza mpaka mgongo unapinda, kisha anaondoka. Baada ya kitambo kidogo akarudi pale pale. Mchanga ulikuwa mkavu. Kati ya safari hizo alikaa akijilamba chini ya mkia kwa namna isiyokuwa ya usafi, analamba, anaacha, analamba tena. Jirani yangu, mama mwenye huruma nyingi kwa wanyama, alisema, "Mwalimu, huyo kafunga choo. Ngoja nimletee mafuta ya mbarika." Nikamwomba asimpe kitu. Nilimtia shume kwenye kapu, nikafunika kwa kanga, nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari alimshika tumbo, akanionyesha kibofu kilivyojaa na kuwa kigumu kama chungwa bichi. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Alimpiga sindano ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba, na mkojo ukatoka mwekundu wa damu. Paka dume aliyeziba hivyo sumu humrudia mwilini, na anaweza kufa katika siku moja au mbili. Mafuta ya mbarika yasingemsaidia kitu, na muda ungekwisha.

Tunasema mtu ana roho ya paka tukimaanisha hafi upesi. Msemo ni mtamu, lakini nimeona ukiwafanya watu wangoje.

Kuna wanaodhani kwamba kusoma uso wa paka ni ndoto za wapenda wanyama. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachotazama mambo matano katika uso wa paka: masikio, macho, mdomo na pua, masharubu, na kichwa kilivyoinuliwa. Masikio yakitengana na kugeukia pembeni, macho yakibanwa nusu, mdomo ukikazana, masharubu yakinyooka na kwenda mbele, kichwa kikishuka chini ya mabega, kila moja hupewa sifuri, moja au mbili. Jumla ikifika nne katika kumi, daktari anapaswa kufikiria dawa ya maumivu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa kutazama hivyo, nami nimewafundisha wangu.

Na tusijione werevu sana kuhusu nani anaumia na nani haumii. Mpaka miaka ya 1980 kulikuwa na watoto wachanga, watoto wa binadamu, waliopasuliwa hospitalini katika nchi tajiri bila dawa ya kutosha ya maumivu, kwa sababu mabingwa waliamini kwamba ubongo wa mtoto mchanga haujafikia kuumia. Mama yeyote wa hapa mtaani Mkomani angewaambia vingine. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliandika upya maana ya maumivu, kikaeleza wazi kwamba kushindwa kusema hakuondoi uwezekano kwamba mtu au mnyama anaumia.

Ndiyo maana nasema kujua ni sehemu ya ibada hapa. Huruma isiyojua huua. Mwenye kumvunjia paka wake kipande cha Panadol anafanya hivyo kwa mapenzi, na ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Kidonge kimoja kinatosha kumwua. Paka anayechuchumaa bila kukojoa, anayehema mdomo wazi, anayeburuta miguu ya nyuma, huyo ni wa kupelekwa saa hiyo hiyo. Asiyekula siku nzima asingojewe iingie ya pili, kwa kuwa ini lake huharibika kwa njaa upesi kuliko letu.

Najua la kusemwa: watu hawana pesa za kuwatibia wanao, wewe wawapangia safari za daktari wa paka. Sijamwambia mtu auze sufuria. Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza, na mwenye shida atahukumiwa kwa shida yake. Lakini kutazama hakuna bei, na kutazama ndiko tunakokosa wengi wetu, wenye pesa na wasio nazo. Akishatazama mmoja, wa kuchangia hupatikana.

Paka mkongwe wa msikiti wetu haruki tena ukutani. Husimama chini yake, anaupima kwa macho, kisha anazunguka mlangoni. Waumini wanasema ni uzee. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulitazama picha za eksirei za paka waliopita miaka 12, na tisa katika kila kumi walionekana na ugonjwa wa viungo. Ugonjwa huo una dawa za kuupunguza, na daktari ndiye wa kuzipima. Nimeshazungumza na imamu. Ijumaa, baada ya sala, sahani itapita kwa ajili ya paka huyo.