Watoto Wakituuliza Habari za Mawe

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, twasoma ya kuwa Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani waliagizwa kutwaa mawe 12 katikati ya mto, nayo yakasimamishwa Gilgali. Ilikuwa kwa ajili ya watoto: siku watakapouliza maana yake, wazazi wawe na neno la kuwajibu. Jiwe halina kinywa. Asipokuwapo wa kulieleza, ni jiwe tu, na mbuzi hulala juu yake.

Nchi yetu ya Tanzania nayo ina mawe yake. Twende kwa moyo tukayaone matatu.

La kwanza liko Unguja, Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alifanya mkataba na Waingereza, soko likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule ndugu zetu Waanglikana waliweka hapo jiwe la msingi la kanisa, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi. Palipouzwa watu kwa fedha, sasa watu hupokea meza ya Bwana bila bei. Lakini tuangalie: soko lilifungwa upesi, bali sheria ya Unguja iliendelea kuutambua utumwa hata mwaka wa 1897. Kufunga mlango ni kazi ya siku moja. Kugeuza moyo ni kazi ya miaka.

La pili liko Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo watu 67 kwa ajili ya vita vya Maji Maji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali pale akaomba msamaha. Miaka 117 ilipita, na kaburi lilikuwa likingoja.

La tatu latugusa sisi Walutheri hasa. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka wa 1893, wakatuletea Injili na shule. Katika mlima ule ule, huko Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, watawala waliotoka nchi moja na wamisionari hao walimnyonga Mangi Meli pamoja na wengine. Kitabu na kamba vilifika katika kizazi kimoja. Tukiwaambia watoto habari za Kitabu peke yake, watayasikia ya kamba kwa wengine, nao watadhani tuliwaficha. Tukiwaambia ya kamba peke yake, tutakuwa tumeisahau neema. Yatupasa kuyasema yote mawili, pasipo kupandisha chuki. Maana msalaba wenyewe ulikuwa mti wa kuulia watu, nasi hatuufichi.

Basi, ninyi waalimu wa Injili, kila usharika una jiwe lake: nyumba ya kwanza ya sala, mti ambao watu walikusanyika chini yake, makaburi ya wazee. Wapelekeni watoto wa kipaimara huko. Waulizeni wazee wangali hai, mkayaandike maneno yao katika kitabu cha usharika, yaliyo matamu na yaliyo machungu. Mzee akifa bila kuulizwa, jiwe lake limekuwa bubu.

Bwana atupe ulimi wa kweli na moyo wa kusamehe. Amin.