Padri, Mfalme na Mungu wa Nafaka

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, padri Giuseppe Piazzi alikuwa juu ya paa la kasri la kifalme mjini Palermo, kisiwani Sicily, akihakiki orodha ya nyota. Kazi ilikuwa ya kuchosha, maana kila nyota aliipima zaidi ya usiku mmoja kabla ya kuiamini. Usiku wa pili nukta moja hafifu haikuwa pale alipoiacha. Usiku wa tatu ilikuwa imesogea tena.

Hadharani alisema ni nyotamkia. Lakini kwa rafiki yake Barnaba Oriani wa Milan alidokeza kwamba huenda ni kitu bora zaidi. Mwezi Februari akaugua, na nukta ikapotelea kwenye mwanga wa jua. Aliyeiokoa ni Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, aliyekokotoa njia yake kwa vipimo vichache vya padri huyo, na mwisho wa mwaka ikaonekana karibu na pale alipokadiria. Ilikuwa ya kwanza kuonwa kati ya asteroidi zote zinazozunguka baina ya Mirihi na Mshtarii, tena kubwa kuliko zote: upana wake unakaribia kilomita 940. Tangu 2006 inahesabiwa kuwa sayari kibete.

Jina ndilo linalozua swali. Piazzi, mtawa wa shirika la Wateatini, aliiita Ceres Ferdinandea. Ceres alikuwa mungu wa kike wa nafaka wa Warumi, mlinzi wa Sicily ya kale. Ferdinand alikuwa mfalme aliyekigharimia kituo chake cha kutazamia nyota. Biblia inasimulia kwamba Adamu aliwapa wanyama majina. Kurani inasema Mwenyezi Mungu ndiye aliyemfundisha Adamu majina yote. Kwa vyovyote vile, kutaja jina ni amana. Je, padri anayesoma Misa asubuhi anawezaje kuiandika mbingu kwa jina la sanamu?

Jibu, nadhani, ni kwamba hakukuwa na aliyempigia Ceres magoti tena. Mungu asiye na waumini hamtishi padri. Aliyeleta taabu ni yule aliye hai. Ferdinand alikuwa na raia wake na maadui zake, na wanaastronomia wa nchi nyingine hawakuwa na sababu ya kumbeba angani. Johann Bode wa Berlin alikuwa na jina lake, Juno. Mwishowe mfalme akadondoshwa, mungu wa kike akabaki. Leo kanuni ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia inafuata mantiki hiyohiyo: asteroidi haipewi jina la mwanasiasa au mwanajeshi mpaka ipite miaka 100 tangu afe.

Mambo yangekuwa mepesi kama yangeishia hapo. Mwaka 2015 chombo cha Dawn kilifika Ceres, na kasoko zake zikaanza kupewa majina ya miungu ya kilimo kutoka kila pembe ya dunia. Moja, yenye upana wa kilomita 126 hivi, ni Dantu, mungu wa Waga wa eneo la Accra, Ghana. Nyingine, kubwa zaidi, ni Yalode, aliyeabudiwa na wanawake wa Dahomey wakati wa mavuno.

Hapo hoja ya Piazzi inakwama. Waga wangalipo. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Homowo makuhani wao hufungua msimu kwa kupanda nafaka, na ngoma hunyamazishwa mjini Accra kwa majuma kadhaa. Dantu si kumbukumbu ya mawe kama Ceres. Ana kuhani wake na ana siku yake.

Kumweka Dantu kwenye orodha moja na miungu iliyokwisha sahaulika ni kumhesabu kuwa hadithi ya kale, na hakuna mtu ambaye angethubutu kufanya hivyo kwa dini ya Roma au ya Makka. Kama kanuni ni kuyaepuka majina yanayoabudiwa, basi iepuke yote. Kama ni kuyaheshimu, basi wanaoyaabudu waulizwe kwanza.