Kutembea bila mzigo

Kuna swali limegawa kikundi chetu cha vijana tangu kiangazi, na sioni kama litaisha karibuni. Mtu aliyekimbia kwao, anaweza kupanda mlima kwa raha tu? Siyo kutafuta kuni, siyo kufuata ndugu, siyo kupeleka viazi sokoni Mahoko. Raha tu: kuona maji yakianguka, kusikia ndege, kurudi jioni.

Swali nililileta mimi. Nilipendekeza tutenge siku moja, vijana watembee milimani upande wa Gishwati. Mfanyakazi mmoja wa shirika alicheka, bila ubaya, akauliza hiyo itaandikwa wapi kwenye ripoti. Kuna fungu la stadi za maisha, kuna la ushonaji, kuna la afya. La maporomoko hakuna. Hilo nalielewa, pesa ni kidogo na sabuni inahitajika. Lakini nataka kuuliza kitu: hao hao wafanyakazi siku ya jumamosi wanavaa viatu vizito, wanashika fimbo, wanatembea ile njia ya Congo Nile inayoanzia hapa Rubavu na kwenda kilomita 227 mpaka Rusizi. Jumatatu wanarudi wakisema wamepumzika. Hakuna anayewauliza walipata stadi gani. Sisemi kwa wivu (labda kidogo). Nasema tu kwamba kama mlima unamponya mtu mwenye mshahara, sioni kwa nini kwa mtu asiye na mshahara ugeuke kuwa mchezo.

Jibu lililonikaba zaidi lilitoka kwa mama mmoja wa Masisi. Alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua macho. "Mwanangu, miye mulima nilipita na mutoto ku mugongo, mbele risasi, nyuma risasi. Weye unataka niende kule kucheka?" Nikanyamaza. Kwa heshima, maana ni mama, na pia kwa sababu hilo siyo jambo la kujibiwa haraka.

Nimelifikiria sana. Nadhani mama anasema kweli juu ya mlima wake, na pale pale ndipo ninapoona tofauti. Ukikimbia, miguu ni yako lakini njia ni ya wanaokufukuza. Wao ndio wanachagua ulale wapi, uvuke mto upi. Ukifika kambini, njia inakuwa ya karatasi. Nilipoomba ruhusa ya kutoka siku ile, kwenye sababu nilisema: kutembea. Aliyekuwa anaandika akaniuliza, "Kutembelea nani?" Nikasema hakuna mtu, natembea tu. Akanitazama kama nina homa, halafu akaandika "familia". Basi ndiyo hivyo. Kwa miaka mingi kila hatua yetu imekuwa na sababu ya kumwambia mtu mwingine. Mtu ambaye hana hata hatua moja ya bure, najiuliza kama kweli amefika, au bado anakimbia polepole.

Nilichukua moto kutoka Mahoko, barabara ya vumbi inayopanda upande wa Rutsiro, nikashuka na kuendelea kwa miguu. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kule juu inayoingia mpaka kwenye meno. Mashamba ya viazi, ng'ombe kwenye majani mafupi, wachungaji na vidumu vya maziwa. Yaani ungenifunga macho ukanifungua pale, ningeapa niko Masisi. Kwenye bonde moja kijito kinaanguka kutoka kwenye jiwe, siyo maporomoko makubwa ya kwenye kalenda, ni kama nyumba mbili za urefu. Nilikaa pale labda saa nzima. Kunguru mwenye shingo nyeupe alikuja kunichunguza, akaona sina chakula, akaondoka. Mbali, ndani ya msitu, nilisikia kelele zinapanda zinapanda halafu zinakatika: sokwe. Sikuwaona. Huko ndani mtu haingii peke yake, ni hifadhi ya taifa tangu sheria ya 2015, unalipa na unapewa mwongozaji. Mimi nilibaki pembeni.

Na pembeni ndipo swali linapokuwa gumu kuliko lile la mama. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia aliniuliza, "Kijana, unatafuta nini?" Nikasema natazama msitu. Akasema, "Zamani ungekuwa umesimama ndani yake."

Ni kweli. Miaka ya 1970 Gishwati ilikuwa na hekta kama 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki karibu 600. Wengi wanapenda kusema ni wakimbizi walioumaliza, kwa sababu baada ya 1994 watu waliorudi Rwanda walipewa pale mahali pa kukaa na kulima. Lakini kabla yao, miaka ya 1980, mradi uliolipwa na Benki ya Dunia ulishakata sehemu kubwa ili kupanda misonobari na kufuga ng'ombe. Mkimbizi alikuja na panga wakati mezani pameshaliwa. Ng'ambo ya mpaka ilikuwa vile vile: makambi ya Mugunga, Kibumba na Katale, 1994, maelfu kwa maelfu ya watu wakiingia kila siku kwenye hifadhi ya Virunga kutafuta kuni. Ungefanya nini? Maharagwe hayaivi kwa kuyahurumia miti.

Hata hivyo mlima ukishanyolewa haukumbuki nani alikuwa na njaa na nani alikuwa na mradi. Maji yanashuka tu. Mwaka 2007 yaliua watu upande wa Bigogwe. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua iliua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na Sebeya, huu mto wetu unaotoka milima ile ile, uliingia ndani ya nyumba za watu Nyundo na Rugerero wakiwa wamelala. Waliokufa hawakukata chochote.

Hapo ndipo siwezi kukubaliana na rafiki yangu mmoja wa kikundi, anayesema msitu ni kitu cha wazungu na sokwe, sisi tushughulike na watu. Sokwe wale wachache na yule bibi wa Nyundo wanakaa chini ya paa moja, na paa ni ile miti. Lakini pia siwakubali wanaotaka tuupende msitu kupitia mabango na semina tu. Mtu hapendi kitu alichokatazwa kukikaribia. Ukimpa kijana amri ya kutunza msitu ambao hajawahi kukaa kando yake hata saa moja bila kazi, umempa mzigo mwingine, na mizigo anayo.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: siku ya kutembea si zawadi ya baada ya sabuni, na haihitaji kuingia kwenye hifadhi kwa bei ya watalii. Pembeni panatosha. Inahitaji moto chache au gari moja, mihogo ya kuchemsha, ruhusa iliyoandikwa sababu ya kweli, na vijana wa Mahoko wachanganyike na wa kwetu, maana mto ni wa wote. Anayeogopa mlima asilazimishwe. Kuna mtu mlima kwake utabaki mahali pa risasi mpaka mwisho, na hiyo ni haki yake pia.

Yule mama nilimweleza habari za kijito. Aliuliza kitu kimoja tu: kama maji yake ni baridi kama ya kwao. Nikasema ni baridi sana. Akaendelea na maharagwe.