Ni Nani Aitikaye Majini?

Karibu na Keroka, mji uliokaa mpakani hata mguu wake mmoja ukawa Kisii na wa pili Nyamira, ipo nyumba niifahamuyo ambamo yumo bibi mkongwe aliyebatizwa utotoni kwa maji machache yaliyomiminwa utosini pake na padre wa Nyabururu, na yumo mwanawe, mtu mzima aliyekwisha kuota mvi, ambaye naye alibatizwa vivyo hivyo alipokuwa na umri wa majuma sita, kisha, baada ya kumwoa binti wa Kisabato na kuhudhuria makambi ya Agosti miaka mitatu mfululizo, akashuka mtoni akazamishwa mwili mzima kama mtu ambaye hajapata kuguswa na maji ya dini tangu azaliwe. Bibi yule, ambaye wanawe humwita Baba, kwa kuwa ndivyo Ekegusii kimwitavyo mama, na mgeni atokaye pwani hana budi kucheka kwanza kabla ya kuzoea, hakukasirika kwamba mwanawe amehama kanisa, wangapi wamehama! Kilichomkereketa ni hesabu ya maji yale ya kwanza. "Mwanangu," aliniambia, "kama siku ile haikuwa kitu, basi padre aliponiuliza nami nikaitika, nilimwitikia nani?"

Watu wengi hudhani kwamba ikhtilafu ya Wakristo juu ya ubatizo ni ya kipimo: hawa wataka kikombe, wale wataka mto. Rai yangu ni kwamba kipimo ni ganda tu, na kokwa yake ndilo swali la bibi yule. Katika kila kanisa na kila zama ubatizo una mwenye kuuliza na mwenye kujibu; huulizwa mtu kama anamkataa Shetani, huulizwa kama anamwamini Mungu, na maji hulifuata jawabu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, auelezapo ubatizo husema habari za dhamiri inayomwelekea Mungu, wala si habari za uchafu wa mwili kuondolewa. Madhali abatizwaye ana ulimi na akili zake, hapana taabu. Taabu huanza pale jawabu linapotoka kinywani mwa mwingine.

Milima ya Wagusii ililetewa majawabu mawili yanayopingana kwa wakati ulio karibu kuwa mmoja, nayo yakaja nyuma ya bunduki, jambo ambalo kulificha si adabu. Mnamo Januari 1908 Otenyo, akitiwa moyo na nabii Moraa, alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, na adhabu iliyofuata ya moto, risasi na kunyang'anywa ng'ombe ilikuwa haijasahauliwa wakati mapadre wa shirika la Mill Hill walipofungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911. Mwaka uliofuata Waadventista Wasabato, ambao Arthur Carscallen wa Kanada na Peter Nyambo wa Nyasaland walikuwa wamewatangulia ufukoni mwa ziwa, huko Gendia, tangu 1906, walijenga Nyanchwa, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Kisii. Kutoka misheni hii hata ile ni mwendo usiomaliza asubuhi. Lakini huku mtoto aliletwa mgongoni mwa mamaye, na kule mtu alitakiwa aje kwa miguu yake mwenyewe. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoufikia mji wa Kisii Septemba 1914 na serikali ikakimbia, wenyeji waliziteka nyara misheni zote mbili bila ya kubagua madhehebu, na nafikiri hiyo ndiyo mara ya mwisho Nyabururu na Nyanchwa kutendewa sawasawa na watu wote. Baadaye walikuja Walutheri wa Sweden, mwaka 1948, wakakaa Itierio na Matongo na kubatiza vichanga. Wakaja na Wapentekoste, ambao huzamisha. Na ilipoundwa Jimbo Katoliki la Kisii mwaka 1960, askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, mwana wa chifu wa Wabukusu, aliyezaliwa 1923 na kubatizwa 1935. Hivyo mchungaji mkuu wa kanisa libatizalo watoto wachanga alikuwa yeye mwenyewe ameitika kwa ulimi wake, akiwa kijana anayejua alisemalo.

Neno lenyewe halitusaidii kukata shauri. Ubatizo ni neno la Kiyunani, na Wayunani walilitumia kwa kuchovya na kuzamisha, kama mtu achovyavyo nguo katika rangi. Sisi Waswahili hatukulifasiri, tulilipokea zima zima, na neno lililopokewa zima huwa kama sanduku lililofungwa, kila mmoja hudai kwamba ajua kilichomo. Lau watangulizi wetu wangaliandika "kuzamisha", Nyabururu ingalipata shida. Lau wangaliandika "kuosha", Nyanchwa ingalilalamika mpaka leo.

Tuwaulize basi watu wa kale. Kiko kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, kilichotungwa yapata mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, nacho chaagiza ubatizo ufanywe katika maji yaliyo hai, maana yake maji yatembeayo. Yasipopatikana, maji mengineyo. Asiyeweza ya baridi, na yawe ya moto. Na kama hayapatikani ya kutosha, yamiminwe juu ya kichwa mara tatu. Mtungaji wake angalifika Kiabonyoru, milimani huko Nyamira ambako mto Gucha huanza kama uzi kabla ya kushuka hata Ziwa Nyanza, asingalihitaji ruhusa zake hizo, isipokuwa ile ya maji ya moto, ambayo kila aliyewahi kuingia kijito cha nyanda zile kabla ya jua kuchomoza ataiona kuwa ni rehema. Kitu cha kutazamwa ni kwamba mwandishi yule hana ghadhabu juu ya kipimo. Na katika taratibu za kale zinazonasibishwa na Hippolytus wa Roma, ambapo mwanafunzi wa dini aghalabu aliwekwa miaka mitatu akichunguzwa mwenendo wake, imeamriwa kwamba watoto wabatizwe kwanza, na wale wawezao kusema wajisemee, na wasioweza wasemewe na wazazi au na mtu wa jamaa yao. Hapo bibi wa Keroka amekwisha kuonekana, kabla ya Nyabururu kwa karne nyingi. Lakini katika zama zile zile yumo na mwanawe: Tertullian wa Karthago, Mwafrika mwenye ulimi mkali, aliandika yapata mwaka 200 kwamba hapana haja ya kuwaharakisha wadogo, na kwamba wasimamizi wao hutiwa hatarini bure, maana wao wenyewe huweza kufa kabla ya kutimiza ahadi waliyoitoa kwa ajili ya mwingine, au mtoto akakua na tabia ya kuivunja.

Baada ya nusu karne, katika mji ule ule wa Karthago, kulitokea shauri ambalo kwa msomaji wa Kisii lina ladha ya pekee. Askofu mmoja, Fidus, aliona kwamba mtoto asibatizwe kabla ya siku ya nane, kwa kuwa siku ya nane ndiyo ya kutahiriwa katika torati. Cyprian na maaskofu wenziwe, jumla yao sitini na sita, wakamjibu kwamba hapana sababu ya kungoja hata siku hizo nane. Tangu hapo hoja ya tohara imekuwa nguzo ya wabatizao vichanga: kama Waisraeli walivyomtia mtoto katika agano kabla hajajua kulia kwa maana, ndivyo na sisi. Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakolosai, aliziweka tohara na ubatizo pamoja. Na lugha yetu ya Kiswahili, bila ya kuombwa na mtu, imeziunganisha zaidi, kwani neno tohara kwetu ni usafi wa ibada, wa udhu na josho, na papo hapo ni kutahiriwa.

Lakini hoja huonekana kwa sura ya masikio yanayoisikia. Mgusii aliyeambiwa kwamba ubatizo ni kama tohara hakumkumbuka kichanga cha siku nane. Alimkumbuka mvulana aliyekwisha kuchunga ng'ombe, akiamshwa gizani mwezi wa Desemba, akisimama bila ya kutikisa kope mbele ya watu waliomjia kumtazama, kisha akikaa faraghani akitunzwa na waliomtangulia, hata atoke akiwa mtu mwenye haki ya kuitwa mwanamume. (Ya wasichana siyasemi hapa, sheria ya nchi imeyakataza, na makanisa, katika hilo angalau, yalikuwa upande wa haki.) Kwa hiyo mfano ulioletwa kuitetea Nyabururu, ukipandishwa milimani, uligeuka kuwa wakili wa Nyanchwa: tohara ni ya yule awezaye kusimama. Nadhani kwa sababu hiyo, kuliko kwa ustadi wa wahubiri, Usabato ulipata mizizi mirefu kiasi hiki katika nchi ile, kwa darasa lake la ubatizo, viapo vyake kumi na vitatu vinavyosomwa mbele ya kusanyiko, na umati uliosimama ukingoni kutazama. Hata hivyo Msabato asifurahi upesi. Mvulana yule hakuichagua siku yake. Wazee waliipanga, kaka alimwongoza, mama alimpikia. Ujasiri ulikuwa wake, lakini kuja kwake kulikuwa ni kazi ya ukoo mzima. Na sijaona bado mtu aliyefika majini bila ya kuletwa na mtu.

Juu ya kubatizwa mara ya pili, Afrika ya kale ilikwisha kugombana. Cyprian huyo huyo alishikilia kwamba aliyebatizwa na waliojitenga na kanisa hakubatizwa kabisa, na aanze upya. Stefano, askofu wa Roma, alikataa, na rai ya Roma ndiyo iliyoshinda, kwamba maji yaliyotolewa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu hayarudiwi. Ugomvi ulipozuka tena Zurich, Januari 1525, vijana waliobatizana upya wakiwa watu wazima walisema kama asemavyo yule mwana wa Keroka, kwamba hawarudii ubatizo, ndiyo kwanza wanaupokea. Na miaka miwili baadaye serikali ya mji, ambayo nayo ilijiita ya Kikristo, ilimfunga Felix Manz ikamzamisha katika mto Limmat mpaka akafa, huku ikijiona imemtania kwa haki. Sijui mzaha mchafu zaidi ya huo katika tarehe yote ya kanisa.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake, tena mzito. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa kwa hila ya Wareno, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala. Na mnamo Agosti 1631 alimwua kapteni ndani ya Ngome ya Yesu, akaurudia Uislamu, na Wakristo wengi wakauawa baada yake. Maji aliyotiwa Goa yalitimiza kila sharti la vitabu. Jawabu lilikuwa la nani, lake au la waliomlea wakiwa wamekwisha kumtengenezea kiti?

Nami hulikumbuka hilo pamoja na jambo la Munyonyo, Buganda, usiku wa 25 kuamkia 26 Mei 1886, ambapo Karoli Lwanga, asiye padre, akijua kwamba asubuhi Kabaka Mwanga atauliza nani ni Mkristo, aliwabatiza watumishi vijana wa ikulu waliokuwa bado wanafunzi wa dini, na miongoni mwao Kizito, mdogo wao wote. Hapakuwa na wasaa wa darasa, hapakuwa na mto wala birika la marumaru. Lakini jawabu lilikuwapo, na siku chache baadaye likathibitishwa kwa moto huko Namugongo. Kanisa Katoliki halina shaka na ubatizo ule, na aliye na shaka nao kwa sababu ya uchache wa maji, mimi sitaki kukaa naye baraza moja.

Yabaki ya wale waliosimamishwa mbali na maji. Mzee mwenye wake watatu, aliyeoa kwa mahari na kwa mashahidi, aliambiwa na makanisa karibu yote kwamba awaache wawili ndipo abatizwe. Waanglikana walilikata hivyo shauri lao Lambeth mwaka 1888, na wakalilegeza mwaka 1988, baada ya miaka mia moja kamili. Wako wazee waliofanya kama alivyofanya Kaisari Konstantino, ambaye aliupokea ubatizo mwaka 337 akiwa kitandani pa kufia: walingoja. Wengine waliona kwamba mtu ajibuye "naam" kwa Mungu kwa kusema "hapana" kwa mama wa wanawe amejibu kwa ulimi uliogawanyika, wakakaa nje ya kanisa kila Jumapili, chini ya mti, wakisikiliza.

Na katika ibada yenyewe ya Kikatoliki swali la bibi limepata kuguswa. Taratibu za zamani zilimwuliza mtoto, na msimamizi akajibu kana kwamba yeye ndiye mtoto. Taratibu mpya za mwaka 1969 ziliacha kumwuliza asiyeweza kusema, zikawaelekea wazazi na wasimamizi na kuwauliza imani yao wenyewe. Nilimweleza bibi jambo hili, kwamba kwa kuwa mwanawe alizaliwa baada ya mwaka huo, yeye hakumjibia, alijijibia. Alinitazama kitambo, akasema kwamba padre yule hakumwambia hivyo, na kwamba yeye siku ile alikuwa akimwombea mtoto, hakuwa akijisemea.

Siku ya ubatizo wa pili alikwenda. Alisema hatakwenda, akakesha akisema hatakwenda, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa. Mjukuu wake Kwamboka, ambaye jina lake ni la kuvuka, alimshika mkono mpaka ukingoni, na waumini wa Kisabato wakampisha mahali palipokauka. Mchungaji alipomwuliza yule mwenye mvi maneno yake, naye akaitika kwa sauti iliyosikika ng'ambo, niliona midomo ya mamaye ikicheza; kisha akainuka, akakunjua shuka kavu aliyokuwa ameileta kikapuni, akangoja atoke.